Niliomba Radhi kwa Kosa Ambalo Mwanangu Hakulitenda

Mpendwa Mama Ewurama,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama nimeandika mengi, maana wenzangu wa sokoni hapa Mankessim wameniambia wewe hupenda barua fupi, nikawaambia yangu ataisoma tu kwa sababu inamhusu mwanangu Ebo, na Ebo si mtoto wa kuandikwa kwa mistari mitatu. Tafadhali usitaje jina langu gazetini, watu wananijua.

Mimi ni mjane, nauza dokono, yale madonge ya mahindi ya kufungwa kwa majani, na samaki wa kukaanga, na sijisifu, lakini madereva wa Cape Coast wanapita vibanda sita vya wengine ndipo wasimame kwangu, hao waulize wenyewe. Shule niliishia darasa la sita. Lakini Ebo nimemfikisha chuo cha ualimu, akatoka wa pili katika chuo kizima, na ningesema wa kwanza ila yule wa kwanza baba yake alikuwa anafundisha palepale, wewe mtu mzima utaelewa mwenyewe. Sasa anafundisha uraia hapa mjini, na watoto wake wanaijua Katiba kama wanavyojua michezo ya uwanjani, siku moja nilidhani msichana mmoja wa darasa lake kaficha samaki wangu, nikamwambia leta huo mkoba niutazame, akaniuliza, "Bibi, una sababu gani ya kunishuku?" nikacheka mpaka nikampa samaki wa bure. Huyo ndiye mwalimu niliyemzaa mimi.

Sasa sikiliza. Ijumaa moja ya mwezi wa pili Ebo alitoka asubuhi na gari la marehemu baba yake kwenda kumzika mwalimu mwenzake upande wa Saltpond, amevaa nguo yake nyeusi ya msiba nimeipiga pasi mwenyewe, akasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi na koplo mmoja anaitwa Amissah. Leseni akatoa. Bima akaonyesha. Gurudumu la akiba lipo, kizimamoto kipo, kila kitu kipo, maana Ebo ni mtu wa utaratibu kama marehemu. Koplo alipokosa la kumshika akamwambia, "Kijana mdogo, gari lako, nguo safi, simu kubwa. Hebu ifungue hiyo simu nione hasa unaishi kwa kazi gani."

Ebo akamjibu, "Afande, mimi ni mwalimu. Gari umelikagua sijakukatalia. Lakini simu ina barua zangu na za watu wengine. Ukiwa na amri ya mahakama nitakufungulia mwenyewe."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa uraia."

Polisi wenzake waliokuwa pembeni wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Koplo, leo umepatikana! Chukua daftari uandike!" na nadhani ni kicheko hicho kilichotuponza, maana mwanamume akichekwa na wenzake mbele ya magari hupoteza akili, akamwambia Ebo, "Vizuri. Somo utaendelea nalo kituoni." Hayo ndiyo yote, Mama Ewurama. Hakutukana mtu wala hakumgusa mtu. Lakini mimi haya nimeyajua baadaye kutoka kwa Ebo, kwa sababu wakati huo nilikuwa jikoni kwangu nafunga dokono, sina habari.

Wakamweka ndani Ijumaa hiyo, Jumamosi, Jumapili, hakuelezwa kosa lake, hakupelekwa mahakamani. Jumamosi waliniruhusu nimwone kidogo tu mlangoni, amekonda kwa siku moja, nikamwambia mwanangu nitafanya kitu, naye akanishika mkono akasema, "Mama, nakujua. Usiniombee radhi kwa mtu. Nenda kwa yule dada wakili wa msaada wa sheria, jina lake nimekuandikia. Usiombe." Nikaitikia sawa baba. Jina nikalitia kwenye mkoba.

Lakini nilipofika nyumbani nikaifungua ile nyeusi niliyompigia pasi, waliyonirudishia pale mlangoni, imechafuka, Mama Ewurama, nikashindwa. Wakili nitampata wapi kesho yake Jumapili? Nikamwita shemeji yangu Otoo, maana kuomba radhi huendi peke yako, lazima uwe na msemaji, tukaenda kituoni baada ya ibada. Nami nikapiga magoti. Mwanamke wa umri wangu na kiuno changu hiki.

Otoo akaanza, "Afande, tumekuja chini ya miguu yako. Mtoto wetu amekosa."

Koplo Amissah anakula karanga, akasema, "Amekosa nini? Semeni wenyewe, msije mkasema nimewawekea maneno mdomoni."

Otoo akanitazama mimi. Na mimi nikasema, "Amekutukana, afande. Ni ujana."

"Ametukana tu?"

"Na amekusukuma," nikasema, "amekusukuma kifuani, afande, sijui shetani gani alimwingia, mtoto wangu hana tabia hiyo."

Wewe umezaliwa huku, unajua tunavyofanya. Anayeomba radhi halipunguzi kosa. Unalikuza, unalivimbisha, unajilaumu mpaka yule mkubwa aone haya mwenyewe aseme basi, inukeni, yamekwisha. Hata tukigombana na majirani ndivyo tunavyopatana, nani amewahi kumshika mtu kwa maneno aliyoyasema amepiga magoti? Na kweli Koplo akasema, "Basi mama, inuka, utaniletea balaa." Nikajua tumeshinda. Halafu akavuta karatasi, akaandika, akatusomea: mimi mama mzazi nakiri kuwa mwanangu alimtukana na kumsukuma askari akiwa kazini, naomba asamehewe. "Weka jina hapa tumalize." Nikaitazama, Mama Ewurama, na sitakudanganya, nilielewa kila neno. Nilijua ni uongo, au tuseme nilijua sijui. Nikaweka saini. Na saini yangu ni nzuri, Ebo ndiye aliyenifundisha nilipofungua akaunti ya benki, ina mkia unazunguka mara mbili, yule karani wa benki aliwahi kuuliza kama niliwahi kufanya kazi ofisini.

Hata hivyo hawakumtoa siku hiyo. Walimtoa Jumatatu jioni, bila shtaka lolote, nami nikalitangazia soko zima kwamba magoti yangu ndiyo yaliyomtoa. Ebo sikumwambia. Alikuwa amechoka, nikasema nitamwambia kesho, na kesho ikawa wiki, na wiki ikawa mwezi.

Kumbe yeye na yule wakili wamepeleka malalamiko ya kushikiliwa siku zote zile bila sababu, na wiki iliyopita majibu ya Koplo yamekuja, na ndani yake karatasi yangu. Ebo alikuja nayo jikoni. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Mama, hii saini ni yako?"

"Yangu, baba."

"Nilimsukuma?"

"Sijui, mwanangu. Sikuwepo."

"Sasa uliandikaje?"

Akaikunja ile karatasi polepole, akasema, "Nilikuomba kitu kimoja tu," akatoka.

Tangu siku hiyo anafua nguo zake mwenyewe. Anakula ninachopika, halafu anasema, "Asante kwa chakula, Mama," kama mgeni aliyepita njia. Mwanangu hajawahi kunishukuru kwa chakula maisha yake yote! Alikuwa ananyakua kichwa cha samaki kwenye sufuria nikimpiga mwiko. Na shuleni mwalimu mkuu amemwambia aache kwanza kufundisha habari za Katiba mpaka jambo lijulikane, na wanafunzi wanamuuliza, "Mwalimu, ni kweli ulimpiga polisi?" Malalamiko yakitupwa, wakili anasema wanaweza kugeuza kibao wamshtaki yeye kwa kumshambulia askari, na ualimu wake ndio utakuwa umekwisha hapo.

Alhamisi ijayo malalamiko yanasikilizwa Cape Coast. Wakili anataka niende niseme ile karatasi si kweli. Na Jumamosi iliyopita nani amebisha hodi kwangu? Mama yake Koplo! Amekuja na wanawake wawili na trei ya mayai, nikawapa viti, nikawapa maji, nikawauliza habari za safari, na alipotaja jina la mwanawe nusura nimmwagie maji yaliyobaki. Lakini akapiga magoti, Mama Ewurama, chini kabisa kama nilivyopiga mimi, akasema, "Dada yangu, huyo ndiye mtoto wangu peke yake. Wakimvua ile sare ya polisi nitakula nini, atamwoa nani? Sikuombi uongo. Nakuomba unyamaze tu. Usiende Alhamisi." Nikalia naye. Nywele zake nyeupe kuliko zangu. Nikamwambia nimesikia, nitamjibu Jumatano.

Sasa mimi nifanye nini? Nikienda nitaulizwa mbele ya watu, nilisema uongo siku ile au nasema uongo leo, na mimi ni kiongozi wa kina mama kanisani, mwezi uliopita nilifundisha habari za ulimi. Je, wanaweza kunifunga mimi? Nisipokwenda nimemzika mwanangu kwa mkono wangu. Na hata nikienda, Ebo atarudi kuwa Ebo? Nisaidie, nimeacha hata kutia chumvi sawasawa, wateja wamesema.

Mimi, mama wa Mwalimu Ebo,
Mankessim.


MAMA EWURAMA ANAJIBU

Mama wa Mwalimu,

Umeniomba nisitaje jina lako, kisha ukalitaja la mwanao katika kila pumzi. Nimeyabadilisha majina yote, na hata dokono nimekupa mimi, biashara yako ni nyingine. Barua yako nimeipitisha mbele ya zote zilizokuwa zikingoja, kwa sababu Alhamisi ni karibu.

Nimelia mahali pamoja, pale pa kichwa cha samaki. Sasa nimefuta machozi, nisikilize.

Umekosa. Nalisema mapema ili tusizunguke. Hukukosa kwa kupiga magoti. Mama aliyemwona mtoto wake amekonda mlangoni pa mahabusu atapiga magoti popote, na asiyeelewa hilo hajazaa wala hajazaliwa. Umekosa kwa sababu mwanao, mtu mzima mwenye akili zake, alikushika mkono akakuambia la kufanya, ukaitikia sawa baba, kisha ukaenda kufanya lako. Ukakosa tena kwa kumficha. Soko zima lilijua habari za magoti yako isipokuwa mwenye kesi. Unamsifu kurasa nzima kwamba anaijua Katiba, halafu siku moja tu alipoihitaji, ukaona heri uamini magoti yako kuliko akili yake.

Na hayo magoti hayakumtoa. Soma barua yako mwenyewe: uliomba Jumapili, akatoka Jumatatu, bila shtaka. Alitoka kwa sababu hawakuwa na la kumshtaki. Kifungu cha kumi na nne cha Katiba yetu ya Ghana kinasema anayekamatwa aelezwe papo hapo sababu, kwa lugha anayoielewa, aambiwe ana haki ya wakili, na asipoachiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa arobaini na nane. Polisi ana haki ya kusimamisha gari, kutazama leseni na bima, na mwanao alimpa hayo yote bila ubishi. Simu ni barua za mtu. Kuomba kwa adabu kuona amri ya mahakama si tusi, na wasomaji wengine mnaonisoma mkiwa safarini, likateni hili mliweke kwenye pochi. Tena na hili: ukiwa kituoni usiweke saini kwenye karatasi yoyote inayosema jambo usilolijua, hata ukiambiwa ndiyo itakayomaliza maneno.

Maana hapo ndipo ulipopotea, mama. Nimezaliwa huku, ndiyo, na nimeombwa radhi na nimeomba, na najua tunavyolikuza kosa ili mwenzetu apate nafasi ya kusamehe. Ni desturi nzuri. Imeokoa ndoa yangu mara mbili. Lakini ni ya nyumbani, kati ya watu ambao kesho watakutana kisimani na wote wanajua kwamba maneno yale yalikuwa heshima. Aliyekuwa mezani siku ile alikuwa mshtaki na mwandishi kwa pamoja. Heshima yako aliigeuza ushahidi. Huko tusipeleke desturi yetu tena, sisi sote.

Sasa la kufanya. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto, nenda kwa yule dada wakili. Jina lake bado liko kwenye mkoba wako, najua hujalitupa. Mweleze yote, pamoja na karanga za Koplo na maneno ya Otoo, na umchukue Otoo mwenyewe aende akaeleze alichosikia. Kama unaweza kuingia matatani, huyo ndiye wa kukuambia, si mimi, na si wanawake wa sokoni. Mimi siwezi kukuahidi kwamba hutaulizwa kwa ukali. Naweza kukuambia tu kwamba mtu anayekwenda mwenyewe, na wakili wake, kusahihisha karatasi kabla haijamharibu mwingine, husikilizwa tofauti na anayesubiri afuatwe.

Na usihangaike kutafuta maneno makubwa. Mwanao alipokuuliza jikoni kama alimsukuma askari, ulimjibu, "Sijui, sikuwepo." Umeona? Jibu lote ni hilo. Karatasi inasema kilichotokea barabarani, na wewe barabarani hukuwepo. Hujui alichofanya, hujui asichofanya, na huwezi kukiri kwa niaba ya mtu jambo ambalo hukuliona. Usiende kule kumtetea Ebo kwa kusema ni mtoto mpole, alikuwa wa pili chuoni, anapendwa na watoto. Najua itakuwasha mdomoni. Meza.

Mama yake Koplo usimngojeze hadi Jumatano. Nenda wewe kwake, mrudishie mayai yake kwa mikono miwili, ukae, umwambie hivi: "Dada, kama ni mimi uliyenikosea, nimekusamehe kabla hujainuka. Lakini aliyelala mahabusu si mimi. Radhi hiyo ni ya Ebo, siwezi kuitoa." Akilia, lia naye, hakuna ubaya. Anakuambia kunyamaza si uongo. Kwingine labda, lakini hapa kuna karatasi inayosema kwa jina lako kila siku unayonyamaza. Mwambie pia mwanawe anaweza kuja mwenyewe kwa Ebo, kwa miguu yake, akaseme kosa lake kama lilivyokuwa. Akifanya hivyo Ebo ataamua. Atakachoamua usikipangie.

Kuhusu kina mama wa kanisani: waambie mwenyewe kabla ya Alhamisi. Ulifundisha habari za ulimi ukiwa hujui, sasa utafundisha ukiwa unajua. Watakaonong'ona wanong'one.

Na Ebo. Umeniuliza kama atarudi kuwa Ebo, na katika barua ndefu namna ile sijaona mahali ulipomwomba radhi. Umemwombea kwa Koplo, hujamwomba yeye! Leo jioni, akishasema asante yake ya mgeni, mwambie akae. Usimwite Otoo, usilete msemaji. Usipige magoti, utamtisha. Na safari hii usilikuze kosa na usilipunguze: uliniambia nisiombe, niliomba, nilitia saini nisichokijua, nilikuficha kwa sababu niliogopa. Basi. Hatakukumbatia hapohapo, yeye ni mtu wa utaratibu, umesema mwenyewe. Mpe muda. Na nguo zake mwachie azifue, mwanamume wa umri ule kufua si adhabu.

Alhamisi mwende pamoja, kwenye lile gari la marehemu. Mkisimamishwa kizuizini, yeye ndiye dereva, yeye ndiye atakayejibu.

Huko Cape Coast watakuuliza swali lilelile unaloliogopa: ulisema uongo siku ile au unasema uongo leo? Utamtafuta mwanao kwa macho, na labda atakuwa anatazama sakafu. Hata hivyo jibu, kwa sauti inayofika nyuma ya chumba:

"Siku ile."

Kisha nyamaza, mama. Hata wakikaa kimya wakikusubiri uongeze, usiongeze.